KANSA NA UZAZI: SWALI LA KUULIZA KABLA YA DAWA YA KWANZA

Somo la leo limetokana na kikaratasi kimoja.

Nilikuwa katika skuli moja ya sekondari hapa Mtoni, tukizungumza habari za kansa, ambayo wengine huiita saratani. Kila mwisho wa kipindi huwa tunapitisha boksi la maswali, na kila mwanafunzi anaandika analotaka bila ya kutia jina. Siku hiyo maswali mengi yalikuwa ya kawaida: kansa inaambukiza? Kansa inatokana na nini? Kikaratasi kimoja kilikuwa kimekunjwa mara nne. Nilipokifungua nikasoma maneno haya:

"Dada, kaka yangu anaumwa kansa. Kesho kutwa anavuka kwenda Dar kuanza dawa. Je, akipona ataweza kuoa na kupata watoto? Kumuuliza daktari tunaona haya."

Aliyeandika simjui, wala sikutaka kumjua. Nilimjibu mbele ya darasa zima, kwa ufupi, maana siku zilizobaki zilikuwa mbili tu: "Muulizeni daktari kabla dawa ya kwanza haijaingia mwilini. Ikishaingia, nafasi hupungua." Lakini jibu la dakika moja halitoshi. Kwa hivyo leo tutalisoma suala hili pole pole, kwa sababu ipo siku linaweza kumfika ndugu yako, rafiki yako au wewe mwenyewe.

SWALI LA WATU WANAOPONA

Kwanza tuelewe jambo moja. Zamani swali hili lilikuwa haliulizwi, kwa sababu wagonjwa wengi wa kansa walikuwa hawapati umri wa kuoa.

Chukua mfano wa jirani zetu Uganda. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Kiafrika. Uvimbe ule ulikuwa unakua haraka sana, na watoto wengi walikufa. Katika miaka ya 1960 madaktari walianza kuwapa dawa za kemikali, mojawapo ikiitwa saiklofosfamaidi. Uvimbe uliyeyuka, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 Taasisi ya Kansa ya Uganda ikaanzishwa Kampala. Mpaka leo uvimbe ule unaitwa kwa jina la Burkitt.

Sasa fikiria. Mtoto wa miaka minane aliyepona atakuwa kijana, atataka kuoa au kuolewa, na atataka kupata watoto. Na dawa ile ile ya saiklofosfamaidi iliyomponesha ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kudhuru uzazi zaidi kuliko nyengine. Basi anayeuliza "Je, nitazaa?" ni mtu mwenye matumaini ya kuishi. Hapaswi kuona haya, wala hapaswi kuambiwa kwamba anafikiria mambo ya kipuuzi wakati anaumwa.

Hapa kwetu, wagonjwa wengi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakianzia Hospitali ya Mnazi Mmoja, kisha wanapanda boti pale Malindi kuvuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo la zamani la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani na kumalizika mwaka 1897. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Safari ya kuvuka ina mambo mengi ya kufikiria: nauli, mahali pa kulala, nani atamuuguza mgonjwa, nani atabaki na wadogo nyumbani. Katika pirika hizo, suala la uzazi husahauliwa kirahisi.

TIBA INAGUSAJE UZAZI?

Kansa ni chembe za mwili zilizoasi. Zinajigawa na kuongezeka bila ya mpango. Dawa za kansa hupelekwa mwilini kuzisaka chembe zinazojigawa upesi. Tatizo ni kwamba dawa hazichagui vizuri. Chembe nzuri zinazojigawa upesi nazo hupigwa. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hupata vidonda mdomoni na hupungukiwa na damu.

Kwa wavulana: Korodani ni kiwanda. Kuanzia kubaleghe, kiwanda hiki hutengeneza mbegu za kiume mchana na usiku, na mbegu moja huchukua siku kama 70 hivi mpaka kukamilika. Dawa ikipiga mbegu zilizomo njiani tu, kiwanda kitaanza tena baada ya miezi au miaka. Dawa ikiua chembe mama zinazozalisha mbegu, kiwanda kinaweza kufungwa moja kwa moja. Hata mvulana ambaye hajabaleghe anaweza kudhurika, kwa sababu chembe mama anazo tayari.

Kwa wasichana: Hapa pana tofauti kubwa. Msichana hatengenezi mayai mapya. Anazaliwa na akiba yake yote, kama pesa ndani ya kibubu. Anapozaliwa huwa na mayai machanga yapatayo milioni moja hadi mbili. Anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote, mayai yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 hadi 500 tu. Dawa za kansa zinaweza kuchota kibubu hicho kwa mkupuo mmoja. Hedhi inaweza kusimama, kisha ikarudi. Lakini hata ikirudi, akiba inaweza kuwa imepungua, na mwanamke akafikia ukomo wa hedhi mapema, pengine katika miaka ya thelathini.

Mionzi: Mionzi inayopigwa nyonga au tumbo la chini inaweza kuua mayai, mbegu, au kudhuru mji wa mimba usiweze kutanuka vizuri. Mionzi ya kichwani nayo inaweza kugusa tezi iliyo chini ya ubongo, inayotoa homoni za kuamrisha ovari na korodani.

Upasuaji: Wakati mwengine kansa inakuwa katika kiungo cha uzazi chenyewe, na kiungo hicho hulazimika kuondolewa.

Tusitishane lakini. Si kila mgonjwa anapoteza uzazi. Inategemea aina ya dawa, kiasi chake, umri wa mgonjwa na mahali mionzi inapopigwa. Wako wengi waliotibiwa kansa utotoni na leo wana watoto wao. Ndiyo maana swali lazima aulizwe daktari anayejua dawa gani mgonjwa huyo atapewa. Jirani au muuza duka hawezi kujua.

NINI KINAWEZA KUFANYIKA?

Kuhifadhi mbegu za kiume. Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kijana aliyekwisha baleghe anatoa manii katika kikopo, ndani ya chumba cha faragha. Maabara huzigandisha mbegu katika naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo mbegu husimama kama zilivyo, hazizeeki. Kazi hii huweza kumalizika kwa siku moja au mbili, kwa hivyo mara nyingi haicheleweshi matibabu.

Kuhifadhi mayai. Msichana aliyekwisha baleghe hupigwa sindano za homoni kwa siku 10 hadi 14 ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja. Kisha mayai huvutwa kwa sindano na kugandishwa. Kwa kawaida sindano hiyo hupitishwa ukeni, na hapa wazazi wengi wa kwetu huingiwa na wasiwasi kuhusu ubikira wa binti yao. Wasiwasi huo usemwe wazi mbele ya daktari, kwa sababu inawezekana kupima na hata kuvuta mayai kwa kupitia tumboni.

Kuhifadhi kipande cha ovari. Kwa msichana mdogo ambaye hajavunja ungo, au mgonjwa asiyeweza kusubiri wiki mbili, daktari anaweza kutoa ovari moja au kipande chake kwa tundu dogo la tumboni, kikagandishwa, na miaka mingi baadaye kikarudishwa mwilini.

Kulinda kiungo. Daktari wa mionzi anaweza kukinga korodani kwa ngao ya risasi. Kwa msichana, ovari zinaweza kusogezwa kwa upasuaji mdogo, zikawekwa juu zaidi ili mionzi isizifikie.

Kwa watoto wa kiume ambao hawajabaleghe, wataalamu bado wanafanya utafiti wa kuhifadhi vipande vya korodani. Haijawa tiba ya kawaida.

MIFANO YA KWELI

Mfano wa kwanza. Mwaka 1979, kijana wa miaka 17 huko Uingereza aligundulika kuwa na kansa ya korodani. Kabla ya kutibiwa, mbegu zake zilihifadhiwa. Alipona, akakua, akaoa. Baada ya mbegu zile kukaa katika baridi kwa miaka 21, zilitumika katika maabara mjini Manchester na mkewe akazaa mtoto wa kiume. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Hebu pima: alikuwa na umri kama wako, kidato cha tatu au cha nne, na pengine wakati ule watoto hakuwa anawafikiria kabisa. Lakini mtu mzima mmoja alimfikiria yule baba atakayekuja kuwa.

Mfano wa pili unatugusa Waafrika. Msichana mmoja aliyezaliwa Kongo alihamia Ubelgiji akiwa na miaka 11. Ugonjwa wake haukuwa kansa. Ulikuwa selimundu, ugonjwa wa damu tunaoujua vizuri hapa kwetu. Lakini tiba aliyohitaji ilikuwa kupandikizwa uboho, na kabla ya hapo mgonjwa hupewa dawa kali zile zile za kemikali. Alipokuwa na miaka 13, kabla hajavunja ungo, madaktari wa Brussels walimtoa ovari moja na kuigandisha. Ovari iliyobaki ilikufa kutokana na dawa. Zaidi ya miaka kumi baadaye vipande vile vilirudishwa mwilini mwake, akapata hedhi, akashika mimba mwenyewe, na Novemba 2014 akajifungua mtoto wa kiume, akiwa na miaka 27.

Mfano wa tatu ni wa Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani. Huyu baadaye alinyang'anywa ushindi wake kwa kutumia dawa zilizokatazwa michezoni, na hilo hatumsifu. Lakini habari ya ugonjwa wake ina funzo. Alipopatikana na kansa ya korodani Oktoba 1996 alihifadhi mbegu kabla ya dawa za kemikali, na watoto wake watatu wa mwanzo walitokana na mbegu hizo. Miaka mingi baadaye akapata wengine wawili bila ya msaada wa maabara. Yaani uzazi unaweza kurudi baada ya muda mrefu, lakini hakuna anayeweza kuahidi kwamba utarudi. Kuhifadhi ni akiba ya tahadhari.

TATIZO LETU NI HAYA

Mwaka 2006 chama cha madaktari bingwa wa kansa cha Marekani kilitoa mwongozo kwa wanachama wake: daktari azungumze na mgonjwa mapema, kabla ya tiba kuanza, kuhusu uwezekano wa kupoteza uzazi. Ikiwa madaktari wa huko walihitaji kukumbushwa kwa maandishi, basi ujue kwamba ukimya huu si wa Wazanzibari peke yao.

Kwetu sisi, hata hivyo, ukimya una sura yake. Kwanza, ugonjwa wenyewe hautajwi. Watu husema "maradhi yale". Pili, anayezungumza na daktari ni baba au mjomba, na mgonjwa anakaa kando kama mzigo uliosindikizwa. Tatu, mambo ya uzazi mila yetu imewapa watu maalumu. Msichana ana kungwi wake, au somo wake kama wengine wasemavyo. Mvulana huyasikia kwa wenzake au madrasa. Baba kumuuliza mwanawe habari za manii ni jambo zito. Mila hii ya kusitiriana ni nzuri, tusiivunje. Ila kansa haisubiri mpaka siku ya harusi.

Tazameni igizo hili. Mnaweza kulicheza darasani.

ONYESHO LA KWANZA
(Chumba cha daktari. Kijana wa miaka 17 amekaa na baba yake.)

DAKTARI: Mzee, kijana wako ana kansa ya tezi. Dawa tutaanza Jumatatu.
BABA: Sawa, daktari. Sisi tumekuja kwako, fanya unavyoona.
DAKTARI: Kuna suala jengine?
(Kijana anatazama chini. Analo, lakini hasemi.)
BABA: Hakuna. Ahsante sana.

ONYESHO LA PILI
(Chumba kile kile.)

KIJANA: Shikamoo, daktari.
DAKTARI: Marahaba, mwanangu. Mzee, nakuomba radhi, niachie kijana dakika tano, kisha nitakuita.
(Baba anatoka.)
DAKTARI: Ugonjwa wako unaitwa kansa ya tezi. Unatibika, na nia yetu ni upone. Sasa nataka nikwambie jambo ambalo pengine unaona haya kuniuliza. Dawa hizi zinaweza kupunguza mbegu zako za uzazi, kwa muda au moja kwa moja.
KIJANA: Kwa hiyo nitakuwa si mwanamme?
DAKTARI: Utakuwa mwanamme vile vile. Sauti yako, nguvu zako na hamu ya ndoa ni mambo mengine. Mimi nazungumzia mbegu tu. Tunaweza kuzihifadhi kabla ya Jumatatu.
KIJANA: Inauma?
DAKTARI: Haiumi. Unapewa kikopo na chumba cha peke yako.
KIJANA: Na nikishindwa?
DAKTARI: Hakuna wa kukulaumu. Wengi hushindwa mara ya kwanza, kwa uchovu na wasiwasi. Na ukisema hutaki, pia ni haki yako.
(Baba anaitwa, anaelezwa.)
BABA: Daktari, suala hili lilikuwa moyoni mwangu tangu juzi. Lakini ningelisemaje mbele ya mwanangu?
DAKTARI: Ndiyo maana nimeanza mimi.

Umeona tofauti? Daktari ni yule yule, baba ni yule yule. Kilichoongezeka ni dakika tano za faragha, na mtu mmoja aliyekubali kuanza. Daktari akisahau kuanza, basi anza wewe. Ukiona ulimi mzito, andika kwenye kikaratasi kama alivyofanya mwenzetu wa Mtoni, kikunje mara nne ukitaka, umpe daktari au muuguzi mkononi. Madaktari hawashangai. Wamezoea kusikia mambo ya mwili.

DINI INASEMAJE?

Hili ni swali la haki, na wengi wetu tutaliuliza. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati ule, alitoa fatwa iliyoruhusu mimba kutungwa maabara kwa mbegu ya mume na yai la mkewe, ndani ya ndoa yao, bila ya mtu wa tatu kuingia kati. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman, Jordan, lilipitisha uamuzi wa namna hiyo hiyo. Msingi wake ni kulinda nasaba. Kwa hivyo mbegu ya kijana ikihifadhiwa, ni yake na ya mke atakayemuoa, haipewi mtu mwengine.

Kuhusu namna ya kutoa manii kwa ajili ya tiba, na masuala mengine madogo madogo, familia iwaulize masheikh inaowaamini au Ofisi ya Mufti. Waulize mapema, siku hiyo hiyo, kwa sababu muda ni mfupi. Kwa wenzetu Wakristo, Kanisa Katoliki halikubali mimba kutungwa maabara, na madhehebu mengine yana misimamo tofauti. Nao wazungumze na viongozi wao.

TUSEME UKWELI: GHARAMA NA MUDA

Nisingependa mfunge gazeti hili mkidhani kila spitali ina jokofu la kuhifadhi mbegu. Kliniki za kutungisha mimba maabara zipo Afrika Mashariki. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Uganda mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, na Dar es Salaam nako kuna kliniki. Lakini nyingi ni za binafsi na bei zake ni kubwa kwa familia ya mvuvi, mwalimu au muuza samaki wa Darajani. Kuhifadhi mbegu za kiume ni rahisi kuliko kuhifadhi mayai, lakini nako huwa kuna malipo ya kila mwaka.

Halafu kuna muda. Kansa ya damu kali, au uvimbe wa Burkitt unaokua siku hadi siku, haingoji. Daktari akisema "tukichelewa wiki mbili tutampoteza", basi maisha kwanza. Mtoto asiyezaliwa hawezi kumlilia mzazi, lakini mama anaweza kumlilia mtoto aliyekufa kwa kucheleweshwa.

Sasa mtaniuliza: ikiwa hatuna pesa na hatuna muda, kuuliza kuna faida gani? Faida ziko tatu. Kwanza, pengine daktari ana dawa mbili zenye nguvu sawa, na moja inadhuru uzazi kidogo. Au anaweza kukinga korodani, au kusogeza ovari. Hayo huamuliwa kabla ya kuanza. Pili, mgonjwa aliyeambiwa ukweli haji kushtuka akiwa na miaka 28, keshaoa, akaanza kumlaumu mkewe bure. Ni ndoa ngapi zimevunjika kwa jambo ambalo jibu lake lilikuwa ndani ya faili la spitali? Tatu, aliyeulizwa rai yake anajiona ni mtu, hajioni ni ugonjwa.

Na kama uzazi haukubaki, mtu hajaisha. Kwetu kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kawaida na la heshima. Neno "tasa" lisitumike kumtukana mtu aliyepigana na kansa akashinda.

MAMBO YA KUTOAMINI

"Aliyetibiwa kansa hawezi kuzaa kamwe." Si kweli. Wengine huzaa. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu mwenye mke au mume asidhani dawa ni uzazi wa mpango. Mimba ikishikwa wakati wa dawa au mionzi inaweza kudhurika. Daktari ndiye atakayesema wangoje muda gani baada ya tiba.

"Mtoto wake atazaliwa na kansa." Kansa nyingi hazirithiwi. Ziko chache zinazopita katika ukoo, mfano aina moja ya kansa ya jicho la mtoto, na daktari atawaeleza.

"Kansa inaambukiza kwa kulala chumba kimoja." Haiambukizi. Kuna virusi vinavyoweza kuleta kansa, kama vile vya kansa ya mlango wa kizazi. Wasichana wana chanjo yake, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ikatolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Tiba ya kansa hiyo hugusa mji wa mimba wenyewe, kwa hivyo dada aliyechanjwa amelinda maisha yake na uzazi wake kwa sindano moja.

MASWALI SABA YA KUMUULIZA DAKTARI

Yanakili kwenye daftari. Siku moja yanaweza kukufaa.

1. Dawa au mionzi nitakayopata inaweza kudhuru uzazi wangu?
2. Hatari hiyo ni ndogo, ya kati au kubwa?
3. Je, kuna tiba nyengine yenye nguvu sawa na madhara kidogo?
4. Naweza kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya kuanza? Wapi, na kwa shilingi ngapi?
5. Nina siku ngapi za kufanya hivyo bila ya kuhatarisha maisha yangu?
6. Korodani au ovari zangu zitakingwa vipi wakati wa mionzi?
7. Baada ya tiba, nitapimwa lini kujua hali ya uzazi wangu?

ZOEZI LA DARASANI

1. Eleza kwa nini dawa za kansa hunyonyoa nywele na pia hupunguza mbegu za kiume.
2. Kwa nini akiba ya mayai ya msichana imefananishwa na kibubu?
3. Gawanyikeni makundi mawili. Kundi moja litetee kwamba mgonjwa wa miaka 15 aamue mwenyewe kuhusu kuhifadhi uzazi. Jengine litetee kwamba wazazi waamue. Mwisho tafuteni njia ya kukubaliana.
4. Andika onyesho la tatu la igizo letu, ambapo mgonjwa ni msichana na aliyemsindikiza ni shangazi yake.

Nimalizie kwa yule mwandishi wa kikaratasi. Kama unasoma haya, natumaini kaka yako aliuliza. Na kama hakupata kuuliza, bado aulize. Hata baada ya tiba mtu anaweza kupimwa, akajua alipo na akapanga maisha yake. Mpe salamu zetu. Mwambie Mtoni tunamngoja arudi.